Mrejesho: mianzi ya manjano, mnene na mwembamba

Ahsanteni sana nyote mlionijibu kuhusu mianzi yangu miwili ya manjano yenye michirizi ya kijani, hapa Nyali. Niliuliza ni aina gani, na kama itatambaa chini ya ukuta hadi kwa jirani.

Haitatambaa. Ushauri wa kupapasa pingili juu ya tawi ndio uliomaliza hofu: zote ni mviringo, hazina mfereji, na kila fundo lina matawi mengi. Phyllostachys, ile jamii inayotambaa, ina mfereji na matawi makuu mawili.

Kuitofautisha hii miwili, michirizi haikusaidia kabisa, inafanana mno. Jibu lilitoka kwenye maganda ya machipukizi ya masika. Mwanzi mnene, sentimita 7, maganda yake yana vinyweleo vyeusi vinavyowasha (vaeni glavu!): Bambusa vulgaris ‘Vittata’. Mwembamba, sentimita 2, maganda hayana vinyweleo na shina changa lina rangi ya waridi: Bambusa multiplex ‘Alphonse Karr’.

Vipandikizi vya pingili mbili nilivyolaza udongoni vilishika kwa Vittata. Vya Karr vilikauka vyote; huo nitaugawa pamoja na mizizi yake mvua za vuli zikianza.