Yule fundi wa Ngamiani hapa Tanga leo kaniambia nabeba TAKATAKA mbele za watu, sikubali!

Mwana_Raskazone:
Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, jasho halijakauka. Yule fundi mnamjua, yule wa miwani juu ya kipaji. Simtaji, hastahili hata kutajwa.

Nimekwenda kununua modemu, ile ya Huawei ya kuchomeka. Nikasema tuijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu, yaani inatumia Linux badala ya Windows. Kachomeka, kikatokea kipicha cha CD. Kabofya, haifunguki. Kabofya tena kwa hasira! Basi akaigeuza kompyuta, kioo kikawatazama wateja, akapaza sauti: "Jamani, mtu kaja na kompyuta haina Windows! Futa takataka hii nikupigie Windows, elfu ishirini tu."

TAKATAKA! Wakacheka mpaka nadhani Pemba walisikia. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa aliitua kabisa ndoo chini ili acheke vizuri.

Na kosa la Linux halikuwepo. Modemu hizi ukichomeka hujifanya CD kwanza, kwa sababu ndani mna programu ya Windows. Lazima igeuzwe ndipo iwe modemu, na kazi hiyo ni ya programu ndogo ya Linux iitwayo usb_modeswitch. Ukiandika lsusb, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa, unaona namba yake 12d1:1446, ikigeuka inasoma 12d1:1506. ModemManager, programu ya kuendesha modemu, inaidaka, unaweka APN, lile jina la kuingilia intaneti ya kampuni ya simu, kwisha. Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, subiri ijigeuze." Hata hakunitazama! Anamwambia mama wa dagaa, "Hawa ndio wanaoua kompyuta."

Nimelipa, nimekuja kuichomeka nyumbani, na uzi huu unapita humo humo kwenye modemu yake. Takataka, mbele za watu, mimi!

Kiboko_wa_Pongwe:
Yule? Alinibadilishia kioo cha simu, akabaki na skrubu kiganjani, akaniambia eti kiwandani waliweka nyingi mno.

Binti_Makorora:
Mtoa mada kunywa maji. Kwani hiyo Linux inafungua Word?

Mwana_Raskazone:
Inafungua, kuna LibreOffice. Hoja si Word dada yangu, hoja ni TAKATAKA! Kaigeuza na kompyuta watu waione!

Babu_Kitochi:
Mjukuu wangu, wewe kaitukana kompyuta. Mimi kanitukana mwenyewe. Kaniuliza simu yangu niliachiwa na Mjerumani.

Kiboko_wa_Pongwe:
😂😂😂 Babu, ulimjibuje?

Bila_Bando:
Samahani wakuu, yangu imeganda kwenye 1446, haigeuki. Msaada.

Mwana_Raskazone:
Weka usb-modeswitch pamoja na usb-modeswitch-data, chomoa, chomeka upya, ipe muda. Laini ikiwa na PIN, itoe kwanza kwenye simu. Unaona? Mambo yenyewe ni hayo tu, na yule bwana anataka elfu ishirini!

Bila_Bando:
Imegeuka! Sasa wvdial, programu ninayoungia intaneti, inanikatalia ruhusa kwenye ttyUSB0, yaani mlango wa modemu.

Mwana_Raskazone:
Jiongeze kwenye kundi la dialout, la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa modemu, toka kwenye akaunti, ingia tena. Jamani turudi kwenye takataka.

Binti_Makorora:
Afadhali yako imewaka. Mimi niliuziwa iliyofungwa mtandao mmoja, na mtandao wenyewe kwetu haushiki mpaka nipande darini. Hiyo ndiyo dhuluma.

Bila_Bando:
Dhuluma ni bando. Nimeunga sasa hivi, Ubuntu ikajisasisha yenyewe, nimebaki na salio la kusoma salamu.

Kiboko_wa_Pongwe:
Nyie hamjapanda bajaji ya kwetu jioni. Jana tumebanana abiria watano na mbuzi.

Mwana_Raskazone:
Wakuu, TAKATAKA! Mbona hamnisikii?

Babu_Kitochi:
Mbuzi alilipiwa nauli?

Kiboko_wa_Pongwe:
Kalipiwa, tena kakaa dirishani. Mimi ndiye sijarudishiwa chenji mpaka leo.

Binti_Makorora:
Dereva mwenye kofia nyekundu? Na yangu anayo!