Yesu alikuwa wapi kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili alfajiri?

Mdadisi_Mpole:
Wakuu habari zenu, nisaidieni hapa maana nimekwama. Tangu mdogo nasali Nasadiki, ile kanuni ya imani, "akafa, akazikwa, akashukia kuzimu" naimaliza kama kasuku, juzi ndo nikashtuka, hivi alishuka kuzimu kufanya nini? Maana pale msalabani alimwambia yule mhalifu "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", leo hivi, sio keshokutwa. Afu Jumapili anamwambia Mariamu Magdalene usinishike, sijapaa kwenda kwa Baba. Sasa kwa Baba hajafika, mtu kamuahidi peponi, na sisi tunakiri kuzimu, ipi ni ipi? Na kuna mhubiri nilimsikia anasema eti Yesu aliteswa na shetani huko chini siku tatu ndo akamnyang'anya funguo. Naombeni maandiko, matusi nina ya kutosha.

Chaki na Ubao:
Mkuu kinachokuchanganya ni hilo neno kuzimu. Siku hizi ukisema kuzimu mtu anawaza majini, mawakala, na zile shuhuda za aliyepelekwa chini ya bahari. Kwenye Biblia sivyo, ni Sheoli kwa Kiebrania na Hadesi kwa Kigiriki, yaani makao ya wafu, wema kwa wabaya. Yakobo alipoambiwa Yusufu kafa alisema atamshukia mwanae kuzimu kwa huzuni (Mwanzo 37:35), sasa Yakobo alikuwa anajitabiria moto? Jehanamu ni neno jingine kabisa, linatokana na bonde la Hinomu pale Yerusalemu.

Kwahiyo "akashukia kuzimu" kwanza kabisa ni kusema alikufa kweli, akaenda wanakoenda wafu, hakuzimia. Petro siku ya Pentekoste anasema roho yake haikuachwa kuzimu (Matendo 2:31), na huwezi kuachwa mahali ambapo hukufika. Peponi sasa, soma Luka 16, tajiri na Lazaro, wote wamekufa ila mmoja yuko kifuani mwa Ibrahimu na katikati kuna shimo kubwa. Mababa wengi wa Kanisa walielewa kwamba wenye haki walikuwa wanasubiri upande huo, Yesu akawafuata hukohuko. Ukiisoma hivyo yule mhalifu na Nasadiki hawagombani.

Sabato Njema:
Mi nasali Jumamosi kwahiyo najua mtanirukia 😄 ila Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lo lote. Yesu alilala kaburini, basi, na siku aliyolala ni Sabato. Hiyo "leo hivi" mnayoishikilia, Kigiriki cha mwanzo hakikuwa na mikato, wafasiri ndo waliiweka. Weka mkato baada ya leo usome upya: "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami peponi". Na hapo Yohana 20:17, ile ya Mariamu kuambiwa sijapaa kwenda kwa Baba, inakaa vizuri tu.

Chaki na Ubao:
Ndugu Sabato hilo la mikato ni kweli, nakupa. Lakini "Amin nakuambia" Yesu kaisema mara nyingi mno, na hakuna sehemu nyingine ambayo "leo" inasomwa pamoja na kuambia. Angalia Marko 14:30 anavyomwambia Petro, leo, usiku huu, kabla jogoo hajawika, hapo leo ni siku ya tukio lenyewe.

Mama Kwaya:
Watoto wangu mmeacha lililo gumu kuliko yote, 1 Petro 3:19, aliwaendea roho waliokaa kifungoni akawahubiri, na wanatajwa walioasi siku za Nuhu. Hapo wasomi wamegawanyika tangu zamani. Wapo wanaosema alienda kutangaza ushindi, wapo wanaosema hao roho ni malaika walioanguka, na Agostino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, yeye aliona ni Kristo akihubiri kwa kinywa cha Nuhu wakati safina inajengwa, hivyo haihusiani kabisa na hiyo Jumamosi.

Na hilo fungu la kuzimu kwenye Nasadiki halikuwepo kila mahali, Rufino, mwandishi wa Kanisa wa mji wa Akwileya, anaandika kwenye mwaka 400 hivi kwamba kanisa la Roma halikuwa nalo kwenye kanuni yao, kanisa la kwake walikuwa nalo. Ile kanuni ndefu ya Nisea mpaka leo haina. Calvin, yule mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, akalielewa kama mateso ya nafsi ya Kristo alipobeba hukumu yetu. Lakini mimi kinachonigusa ni ile picha ya Waorthodoksi, Yesu amesimama juu ya milango iliyovunjika, Adamu mkono huu Hawa mkono huu, anawavuta kutoka makaburini, na ukiangalia vizuri amewashika kifundo cha mkono, hao wazee hawana hata nguvu za kumshika yeye. Naipenda sana.

Huyo mhubiri wako mwambie asome Yohana 19:30. Imekwisha. Kama imekwisha msalabani, siku tatu za kuteswa na shetani zinatoka wapi? Afu shetani mwenyewe ni mshtakiwa, tangu lini akawa askari magereza. Ufunuo 1:18 Yesu anasema ana funguo za mauti na za kuzimu, kwamba alimnyang'anya shetani hilo wameliongeza.

Mdadisi_Mpole:
Asante mama, na wewe mwalimu Chaki. Kumbe nilikuwa naitamka kuzimu nikiwa na picha ya filamu kichwani. Ila 1 Petro 4:6 inasema hata waliokufa walihubiriwa injili, kwahiyo walioasi wakati wa Nuhu walipewa nafasi ya pili au?

Mama Kwaya:
Katekisimu ya Katoliki inasema alishuka kuwakomboa wenye haki waliotangulia, hakwenda kuwatoa waliolaaniwa. Na 4:6 wengi wanaisoma kwamba hao walihubiriwa wakiwa hai, wakafa baadaye. Mimi naegemea hapo.

Sabato Njema:
Si mnaona, hata mama anakubali wafu hawahubiriwi 😄

Mama Kwaya:
Sijasema hivyo we mtoto.