Bamama wa Katuba: tuendelee kumlisha bibi, au tumwachie Leta (serikali) kazi yake?

MshikaSanduku (Katuba, Lubumbashi, Kongo)
Hodi humu. Mimi ndiye ninayeshika sanduku la kikundi chetu, bamama 22 wa avenue moja. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa falanga 5,000. Tulianza kwa ajili ya matanga, lakini tukajikuta tunamsaidia bibi mmoja mjane mwenye miaka sabini na kitu, analea wajukuu wanne. Tunampa unga, makala (makaa), dawa, na tunalipia watoto shule.

Juzi mkutanoni mama mmoja alisimama akasema tangu tuanze kumlisha, hakuna mtu wa komini (manispaa yetu) aliyekuja hata kuuliza jina lake. "Tunamfunika Leta blanketi alale vizuri." Anataka tusimamishe msaada, tuandike barua, tuipeleke wenyewe kwa burugumestre, mkuu wa komini. Wengine wakamrukia: barua haipikiwi bukari (ugali)! Tulitawanyika bila kuagana. Jumamosi ni siku ya kutoa mchango na sijui niwaambie nini.

Muhula uliopita: unga na makala 140,000, dawa 45,000, shule 90,000 (watatu primeri, mmoja sekondari).

Mutoto_ya_Ruashi
Mama, musiache. Huyo bibi atakula nini mukingojea jibu ya barua? Hapa kwetu Leta anajua kifungu 15 tu, kile cha utani: jipangeni 😂

MwalimuMstaafu
Utani pembeni kidogo. Mama, hiyo shule ya primeri ni ya mtu binafsi au ya Leta? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema primeri kwenye shule za Leta ni ya lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 agizo hilo lilianza kutekelezwa. Mnalipa nini?

MshikaSanduku
Ni ya Wakatoliki, mwalimu. Mkurugenzi anasema ni feza ya chaki na ya mlinzi. Sisi tulidhani shule ya mapadri haimo.

MwalimuMstaafu
Imo. Shule za makanisa zenye mkataba na Leta zinahesabiwa kuwa za Leta, na walimu wake wanalipwa na Leta. Nimefundisha humo miaka mingi. Kwa hiyo kwa wale watatu hamsaidii maskini, mnamsaidia anayepokea. Sekondari ni hadithi nyingine, hiyo endeleeni nayo. Kwa primeri, ombeni risiti yenye muhuri. Msigombane. Risiti tu.

Mwana_Kambi
Mnabishana kama vile kuna mlango wa Leta na mlango wa kanisa peke yake. Hapa Katanga kulikuwa na wa tatu: kampuni. Union Minière, halafu Gécamines, kampuni ya shaba, iligawa posho ya unga, ikajenga shule na hospitali, na wazee wakasema Gécamines ni baba na ni mama. Shaba ilipoanguka, baba akaishiwa. 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. (Hiari gani, tuliache.) Shule na hospitali hazikuwa haki za mtu, zilifuata mkataba wa kazi. Na nyinyi bamama, wawili wakihama na mmoja akifiwa, bibi amekosa unga. Ndiyo maana namuunga mkono yule mama wa blanketi, ila asiguse chakula.

Fundi_Kamalondo
Kwetu Waislamu zaka si hisani. Aliyefikisha kiwango anatoa asilimia 2.5 ya mali yake, na ndani ya mali ile maskini ana haki yake. Qur'ani inawataja hata wale wanaoikusanya, maana yake ni kazi yenye utaratibu, si huruma ya siku. Kwa hiyo mimi sioni aibu mtu kupokea. Aibu ni ile ya uchaguzi, mfuko wa unga wenye picha ya mheshimiwa na bibi anasimamishwa apigwe picha nao.

Sheria_Kidogo
Kwenye barua msiandike "tunaomba msaada". Andikeni kifungu cha 49 cha Katiba: wazee wana haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Pitieni kwanza ofisi ya mambo ya jamii pale komini, muombe karatasi inayothibitisha kwamba hana uwezo. Na msidai pesa za migodi ovyo. Kwa sheria ya madini ya 2018, asilimia 15 ya mrabaha (malipo ya kampuni za migodi kwa Leta) inaenda kwenye komini au sekta ya kijijini yenye mgodi, na 25 kwenye jimbo. Ruashi wana mgodi, Katuba hamna. Fungu lenu liko kwa jimbo.

Yaya_Beti
Nimesoma yote. Kuna mtu amemuuliza bibi?

MshikaSanduku
Yaya, ulinichoma. Jana jioni nilienda. Nilimkuta anachambua sombe (kisamvu). Nikamweleza, akaniangalia kama mtoto. Akasema aliuza makayabu (samaki wa chumvi) sokoni zaidi ya miaka 30, na kila asubuhi kijana wa ushuru alipita akamkatia tiketi, auze asiuze. "Kwenu nimepewa, asanteni. Lakini kule nililipa." Nikamuuliza kama ana tiketi hata moja. Akacheka: nani anatunza tiketi ya soko?

Barua ataipigia kidole yeye mwenyewe, hataki tumuandikie kama marehemu.

Leo asubuhi tulienda shuleni watatu. Tuliomba risiti. Mkurugenzi alitafuta kitabu mezani, akatafuta kabatini, akatuambia turudi Jumatatu. Kabla hatujafika barabarani katuma mtoto kutuambia kwamba wale watatu hawatafukuzwa "kwa sasa".

MwalimuMstaafu
Jumatatu rudini. Na muwe zaidi ya watatu.

MshikaSanduku
Tutakuwa tisa. Unga wa Jumamosi nimeshaununua.