Kodi za gitaa hazisomeki kwenye nota za kwaya nikichapa A5

Kinanda_Kondele (Kisumu)
Wadau, habari zenu. Naandika nota za kwaya, sauti nne, kwa MuseScore 4 (programu ya kuandika nota), kodi za gitaa (chords, kama Am7) zikiwa juu ya soprano. Kwenye skrini ziko sawa. Saiba wakipunguza A4 iwe A5 ya kijitabu, Bb7 inasomeka B67, na Am7 na D7 zinashikana kama neno moja. Stendi moja, watu wawili, taa za kanisa hafifu. Nibadilishe fonti ama ukubwa?

NotaSafi_Nakuru
Ukubwa kwanza. A4 kwenda A5 ni asilimia 71, kwa hivyo herufi ya pointi 10 inatoka ikiwa 7. Ukitaka 12 kwenye A5, andika 17. Afadhali zaidi, weka ukurasa wenyewe uwe A5 tangu mwanzo, uchape kwa asilimia 100.

Kuna mtego hapo. Ukishusha nafasi kati ya mistari ya nota kutoka milimita 1.75 hadi 1.4, kodi nazo zinasinyaa, 10 inakuwa kama 8. Ingia Format, Style, Text Styles, Chord Symbol, utoe tiki ya "Follow staff size". Ukiwa hapo hapo, chagua fonti nene isiyo na mikia, kama Arial.

AltoKakamega
Hiyo B67 inanifanya nishuku umeziandika kwa Ctrl+T, yaani maandishi ya kawaida. Huko b inabaki herufi b. Bofya nota, bonyeza Ctrl+K, andika Bb7. Programu yenyewe inaweka alama ya flati (♭). Kitufe cha nafasi kinakupeleka nota inayofuata, nukta mkato (;) pigo linalofuata, Tab kipimo kinachofuata.

Tena ukishusha wimbo kutoka ufunguo wa G hadi F kwa sababu soprano wamelemewa, kodi za Ctrl+K zinashuka pamoja na nota. Za Ctrl+T zinabaki kwenye G, na gitaa linapiga wimbo mwingine kabisa.

BesiKubwa
Mnahangaika na fonti na majina yenyewe hayaeleweki. Maina andika m, meja saba andika maj7. Kistari cha A-7 (namna nyingine ya kuandika Am7) kinapotea kwenye fotokopi ya pili, na M7 na m7 ukiwa mita moja kutoka kwa stendi ni kitu kimoja. Pembetatu ya kuonyesha meja saba waachieni watu wa jazi.

Kushikana: vipimo 3 kwa mstari kwenye A5, basi. Mstari mpya ukianza, rudia kodi hata kama haijabadilika. Na si kila nota ya kupitia (ya kuunganisha nota mbili tu) inahitaji kodi yake!

Kinanda_Kondele
Ni kweli, nilitumia Ctrl+T. Sasa soprano ikipanda A ya juu, kodi inarushwa juu peke yake, mstari unakuwa ngazi.

NotaSafi_Nakuru
Chagua kodi zote za mstari huo, uziinue pamoja kwa kiasi kimoja kwenye Properties, hadi zipite nota iliyo juu kuliko zote. Mpiga gitaa husoma kwa kutupa jicho mara moja, kodi ikihama inampotea.

AltoKakamega
Saiba peleka PDF, si faili la MuseScore, maana fonti yako huenda haiko kwa kompyuta yao. Mwambie achague "Actual size". Akiacha "Fit", karatasi inapunguzwa tena kidogo. Toa ukurasa mmoja kwanza. Flati zikitoka zimezibwa wino, rudisha fonti isiyo nene na uongeze pointi 1.