Naomba ushauri: simu ndani ya wodi ya watoto njiti

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto njiti. Kunawa mikono tunajitahidi, ila simu zinatuponza: mtu ananawa vizuri, simu inaita, anapokea, kisha anarudi moja kwa moja kumshika mtoto. Bakteria kama stafilokokasi hudumu kwenye kioo, na kwenye kava la mpira lililochanika ndiyo kabisa.

Kuzipiga marufuku haiwezekani, maana hesabu za dozi tunapigia humo humo na daktari tunamwita kwayo. Yangu naizima, naifuta kwa spiriti ya asilimia 70. Jiki sithubutu, inaharibu kioo.

Mliofanikiwa kuwashawishi wenzenu, pamoja na akina mama wanaobeba watoto kifuani kwa njia ya kangaruu (ngozi kwa ngozi), mlianzia wapi? Na makava, mliyaondoa kabisa?