Fundi kanikatia paa la Kombi ya 1974, kanifungia AC ya umeme isiyomaliza hata saa moja

Wakuu, nimekaa siku tatu bila kuandika kwa sababu nilijua nikiandika siku ileile nitatukana. Hasira bado iko palepale, ila sasa naweza kueleza.

Gari ni VW Kombi ya 1974, ile ya kulala, yenye paa la kunyanyua na kabati za mbao. Niko nayo mwaka wa 11. Kutu ya sakafuni nimeikwangua kwa mikono yangu, mapazia kayashona mama watoto. Paa lilikuwa halijawahi kuguswa na msumeno tangu litoke kiwandani. Mnaoyajua magari haya mnaelewa kwa nini nalitaja paa kwanza.

Nilitaka AC ya umeme, na nilikuwa na sababu. Injini ya Kombi inapozwa kwa upepo na imebanwa kule nyuma; ukiifunga kompresa ya AC inayozungushwa na mkanda wa injini unaipunguzia nguvu ambayo tayari ni ndogo na unaiongezea joto. Halafu AC ya mkanda inapoza injini ikiwaka tu. Mimi joto linanitesa usiku, gari limezimwa, watu wamelala. Haya yote nilimweleza fundi kabla hajashika spana. Nikamuuliza maswali mawili: betri itadumu saa ngapi, na paa litahimili uzito? Akanijibu, "Bosi, ondoa shaka, hizi nafunga kila siku." Nikamwamini. Nikampa hela yote mkononi.

Usiku wa kwanza tumelala nje, AC ikawaka vizuri, ubaridi ukaanza kuingia. Dakika chache ikazima. Ikakaa kidogo, ikawaka tena, ikazima tena. Ikaendelea hivyo mpaka nikasikia harufu. Mliowahi kuunguza waya mnaijua ile harufu, haifanani na kitu kingine. Mke wangu na mtoto wamelala pale nyuma. Nikawatoa nje na mashuka yao, nikachomoa kichwa cha waya kwenye betri gizani, vidole vinatetemeka. Asubuhi gari halikuwaka. Tuliisukuma.

Niliporudi nyumbani nikatoa multimita, kile kipimo cha umeme, na kuanza kufuata kazi yake hatua kwa hatua. Naomba msome vizuri hapa, maana hapa ndipo anapodai kosa si lake.

Kibandiko cha AC kinasema volti 12, wati 750. Gawanya mwenyewe: ni ampea 60 na ushee. Kwenye Kombi betri inakaa nyuma, pembeni ya injini, na kutoka pale mpaka katikati ya paa waya unatembea kama mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10. Alitumia waya wa milimita za mraba 6. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa omu 0.003 hivi kwa kila mita, kwa hiyo ampea 60 zikipita unapoteza karibu volti 1.8 njiani. Nikapima AC ikiwa inafanya kazi: kwenye betri 12.1, kwenye AC 10.3. Na AC yenyewe imetengenezwa ijizime ikifika 10.5! Ndiyo maana ilikuwa inawaka na kuzima. Ikizima volti zinapanda, inawaka tena, zinashuka. Zile volti zilizokuwa zinapotea hazikwenda popote, zilikuwa zinageuka joto ndani ya waya, na waya umebanwa nyuma ya ubao usiopitisha hewa.

Fyuzi ameweka ya ampea 100. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, na waya ule ungeshika moto kabla fyuzi ile haijakatika. Tena ameiweka juu, karibu na AC, badala ya kuiweka jirani na betri. Maana yake mita zote 5 za kupanda hazikuwa na ulinzi wowote. Na pale waya unapopenya bati la chumba cha injini, ametoboa tundu akapitisha waya mtupu, bila raba. Nimeuvuta nikaukuta ganda limelainika na kulikwa upande mmoja, shaba inaonekana kama upana wa kucha. Ilibaki kidogo sana iguse bodi ya gari na kupiga shoti.

Betri sasa. Alileta ya asidi ya Ah 100, yaani ampea-saa 100. Ya namna hiyo ukitaka idumu hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 mbele ya mzigo wa ampea 60. Haifiki saa. Halafu akaiunganisha moja kwa moja na betri ya kuwashia injini, bila relei, ile swichi ya umeme ya kuzitenganisha, ndiyo maana zote mbili zilikauka na tukasukuma gari. Alteneta yangu, inayozalisha umeme injini ikiwaka, ni ya ampea 55, na hizo inazitoa injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Haiwezi kuilisha AC hata nikiwa barabarani, achilia mbali kuchaji betri mbili na kuwasha taa.

Yote haya ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Ingemchukua dakika kumi kwenye karatasi.

Paa ndilo linaloniuma zaidi. AC ina kilo karibu 30, na paa la kunyanyua ni fibaglasi iliyotengenezwa kunyanyuliwa na mtu mmoja. Kakata tundu la sentimita 35 kwa 35, kakaza boliti, hakuweka hata fremu ya kusambaza uzito. Sasa limebonyea, maji ya mvua yanatuama kuizunguka AC, na kona mbili za tundu zimeanza kupasuka. Kulinyanyua tunahitaji watu wawili.

Nilimpigia. Akasema, "Gari lenyewe kuukuu, umeme wake umechoka." Umeme upi? Waya ni wake, mpya, ameutoa kwenye betri aliyoleta yeye mpaka kwenye AC aliyofunga yeye. Hakuna hata sentimita moja ya waya wa 1974 inayohusika! Anautumia umri wa gari kama kichaka cha kujificha.

Nyongeza: kuna wakuu wameniuliza kwa nini nisiongeze paneli ya jua. Paneli ya wati 100, jua likiwa kali kabisa, inakupa ampea 8 hivi. Mzigo ni 60, na usiku jua halipo. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Nimepiga hesabu upya: betri ya lithiamu ya Ah 200 ina wati-saa 2,560, AC hii ikikimbia bila kupumzika ni saa 3 na kitu. Itaongezeka kama kompresa inapunguza kasi ndani kukishapoa, na hilo linataka kuta na vioo vizuiwe joto kwanza. Waya uwe milimita za mraba 35, fyuzi ikae jirani na betri, na pawe na chaja maalumu katikati ya alteneta na betri ya lithiamu. Kama angeniambia haya mwanzoni ningesubiri mwaka mzima nikusanye hela. Ningesubiri kwa moyo mweupe.

Nimeshaishusha AC, paa nimelifunika turubai. Aliyewahi kuunga fibaglasi ya paa la Kombi aniambie alianzia wapi. Nilitaka nirudishie kile kipande chenyewe kilichokatwa, nikamwomba fundi aniletee. Kasema alikitupa siku ileile.