MJADALA: Nyimbo za lebo kubwa zitolewe kwenye orodha ya indie bora za milenia hii

Mleta mada

Wadau wa muziki, nina hoja na naomba tuijadili kwa kutaja nyimbo.

Kila inapotoka orodha ya nyimbo bora za indie (kifupi cha "independent", yaani muziki huru) tangu mwaka 2000, nafasi za juu huchukuliwa na zilezile: "Last Nite" ya The Strokes, "Maps" ya Yeah Yeah Yeahs, "Float On" ya Modest Mouse, "Electric Feel" ya MGMT. Ni nyimbo kali, na zote nazisikiliza hadi leo. Lakini kwa Marekani ya kwanza ilitolewa na RCA, ya pili na Interscope, ya tatu na Epic, ya nne na Columbia. Hizo ni lebo za makampuni makubwa, yale ambayo milenia ilipoanza yalikuwa matano, na baada ya EMI kugawanywa mwaka 2012 yakabaki matatu: Universal, Sony na Warner.

Nasema zitolewe. Kigezo kiwe kimoja tu: siku wimbo ulipoachiwa, nani alikuwa na neno la mwisho? Kama ni mwanamuziki mwenyewe, au lebo ambayo si mali ya wakubwa hao, wimbo uingie, uwe wa gitaa, wa kompyuta au wa sauti tupu. Kama ruhusa ilitoka juu, ukae kwenye orodha nyingine. Hautakosa pa kukaa, maana nyimbo hizo zina redio, zina matangazo, zina kila kitu.

Najua jibu linalokuja haraka: muziki ni masikio, habari za mikataba waachiwe mawakili. Sikubali, kwa sababu namna wimbo ulivyopatikana mara nyingi inasikika ndani yake.

Chukueni "Such Great Heights" ya The Postal Service, iliyotolewa na Sub Pop mwaka 2003. Ben Gibbard, mwimbaji wa Death Cab for Cutie, alikuwa Seattle, Jimmy Tamborello alikuwa Los Angeles. Tamborello alitengeneza midundo kwenye mashine zake akaituma kwa posta. Gibbard akaongeza sauti na gitaa, akarudisha kifurushi. Jina la kundi lilitokana na utaratibu huo, na shirika la posta la Marekani liliwahi kuwaandikia barua ya kulalamikia jina hilo kabla ya pande mbili kuelewana. Sasa usikilize wimbo wenyewe kwa spika za masikioni. Unaanza na visauti vya kielektroniki vinavyoruka kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, vyepesi kabisa. Mdundo unaingia, halafu sauti ya Gibbard inakuja kavu, karibu sana, kama mtu anayeimba chumbani mwake huku akichunga asiwaamshe wengine. Hakuna bendi iliyosimama pamoja. Ni watu wawili, kila mmoja mahali pake, na wimbo nao unazungumzia wawili waliotenganishwa na umbali. Ungewapa bajeti kubwa na studio ya pamoja ya wiki sita, tungepata wimbo mwingine. Huenda ungekuwa mzuri, lakini usingekuwa huu.

Au "Skinny Love" ya Bon Iver. Justin Vernon, ndiye mwenye jina hilo, alijifungia kwenye kibanda cha baba yake huko Wisconsin majira ya baridi ya mwaka 2006 kuelekea 2007, akarekodi karibu kila kitu peke yake. Albamu aliitoa mwenyewe mwaka 2007 kwa nakala chache kabla ya lebo huru ya Jagjaguwar kuichukua mwaka uliofuata. Zile sauti nyingi unazosikia kwenye kiitikio ni yeye mmoja, amejirekodi safu juu ya safu. Upweke ule haukuigizwa.

"Seven Nation Army" ya The White Stripes, mwaka 2003, ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote kwenye suala la neno la mwisho. Ilirekodiwa studio ya Toe Rag, London, kwa mashine ya tepu ya njia nane, bila kompyuta. Lile linalosikika kama besi ni gitaa la kawaida lililoshushwa kwa pedali. Lebo zao, V2 kule Marekani na XL Uingereza, hazikuwa za wakubwa wale, na hata hivyo zilitaka wimbo mwingine wa albamu utangulie. Jack White akashikilia huu. Mashabiki wa Club Brugge wa Ubelgiji wakaudaka mwaka huohuo walipokuwa Milan kwa mechi ya ugenini, Waitalia wakauimba kwenye Kombe la Dunia la 2006, na leo hata asiyeijua bendi anaujua mstari ule wa noti saba. Fikiria angekuwa kwenye mkataba usiompa nguvu ya kushikilia.

Sababu yangu ya pili ni nzito zaidi. Tukichagua kwa "sauti ya indie", tunajua itakuwa ya nani: vijana wenye magitaa kutoka New York, London, Sheffield, Montreal. Wengine wote wanaonekana wageni. Tukichagua kwa uhuru wa kuamua, mlango unafunguka. Anaingia Mdou Moctar wa Niger, aliyejitengenezea gitaa lake la kwanza kwa nyaya za baiskeli, na ambaye nyimbo zake za mwanzo zilisambaa Sahara kwa watu kurushiana faili kutoka simu hadi simu. "Afrique Victime", iliyotolewa na Matador mwaka 2021, ni zaidi ya dakika saba. Unaanza taratibu, mdundo unakaza kidogo kidogo, maneno yanaushitaki ukoloni wa Ufaransa waziwazi, halafu gitaa linashika kasi mpaka unahisi bendi nzima inamkimbilia na haimpati. Kwangu huo ni mmoja wa nyimbo tano kubwa za indie za milenia hii. Nimeona orodha ndefu zikiuruka, huku bendi ya tatu ya mtindo mmoja wa New York ikipewa nafasi mbili.

Na kigezo hiki kinapima wimbo, hakimpimi msanii. Radiohead walikulia EMI, lakini "Reckoner" inaingia: mkataba wao ulikuwa umekwisha, na *In Rainbows* waliiachia wenyewe mtandaoni Oktoba 2007, msikilizaji akilipa anachotaka. Nyimbo zao za mwaka 2000 hazimo. Death Cab for Cutie vilevile: "Transatlanticism" ya 2003 ilitoka lebo huru ya Barsuk, inaingia, za baada ya kuhamia Atlantic, lebo ya Warner, hazimo.

Basi tano zangu, bila mpangilio: "Such Great Heights", "Seven Nation Army", "Afrique Victime", "Reckoner", na "Wake Up" ya Arcade Fire. Hiyo ya mwisho sitaieleza sana. Aliyewahi kuisikia ikiimbwa na umati bila maneno, sauti tupu, anajua.

Nawasilisha. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza

Nakupinga, tena kwa mfano uliougusa mwenyewe ukaupita mbio. Baada ya kuhamia Atlantic, Death Cab walitoa "I Will Follow You into the Dark", kwenye albamu ya mwaka 2005. Gibbard yuleyule, gitaa moja, sauti moja, umerekodiwa kwa maikrofoni moja. Hakuna wimbo mtupu kuliko huo kwenye orodha yako yote. Umenieleza kwamba namna ya kupatikana inasikika ndani ya wimbo. Haya, niambie Warner inasikika wapi hapo?

Mimi wimbo huo ulinishika kipindi cha msiba. Sikuuliza nani kalipa studio. Unaponiambia leo kwamba si wa kwetu kwa sababu ya nembo iliyo nyuma ya kasha, unaninyang'anya kitu kwa hesabu ya makaratasi.

Na "Maps" je? Prodyuza wake ni Dave Sitek wa bendi ya TV on the Radio, mwenzao wa Brooklyn wa eneo lilelile na watu walewale. Karen O, mwimbaji wao, anarudia mstari mmoja wa kumsihi mpenzi wake mpaka unaisha pumzi naye. Ukiutoa huo, orodha yako ina faida gani?

Mchangiaji wa pili

Mimi naipenda nia ya mleta mada, ila kigezo chake kitamfikisha asipotaka. Maswali matatu.

Moja, Sub Pop. Warner ilinunua asilimia 49 ya lebo hiyo mwaka 1995. Kwa hiyo "Such Great Heights", wimbo wako wa kwanza kabisa, ulitoka kwenye nyumba ambayo karibu nusu yake ni ya mkubwa. Umo au haumo?

Mbili, Adele. Alisainiwa na XL, lebo huru, ileile uliyoitaja kwa The White Stripes. "Rolling in the Deep" ya mwaka 2010 kwa Uingereza ni ya XL. Marekani ndiko ilikotolewa na Columbia. Uko tayari kusimama mbele ya watu ukasema huo ni wimbo wa indie?

Tatu, umesema mlango ufunguke. Basi Chance the Rapper aingie na "No Problem" ya 2016, maana hakuwa na lebo kabisa, na wimbo wenyewe unazionya lebo zisimsogelee. Lakini mwenyewe alitangaza kwamba Apple ilimlipa dola 500,000 ili albamu ikae kwake peke yake kwa wiki mbili. Apple ni kubwa kuliko hao watatu wote ukiwajumlisha. Tunafanyaje?

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono hoja, hasa sehemu ya Mdou Moctar. Naongeza Arctic Monkeys, "I Bet You Look Good on the Dancefloor", Domino, 2005. Vijana walikuwa wakigawa CD za bure kwenye maonyesho yao, mashabiki wakazipandisha mtandaoni, wimbo ukashika namba moja Uingereza. Januari 2006 albamu ikauza nakala 363,735 wiki ya kwanza, rekodi kwa albamu ya kwanza ya bendi kule. Wakubwa waliwafuata kwa mikataba, wao wakaenda kwa lebo ndogo. Usiniambie indie haiwezi kujaza viwanja.

Mleta mada

Asanteni. Nianze na ndugu wa kwanza, kwa sababu pingamizi lake ndilo lenye uchungu. Pole kwa msiba. Wimbo huo sitamnyang'anya mtu. Ni mzuri, na maikrofoni moja ile inatosha kuliko studio nyingi. Sijasema kila wimbo wa lebo kubwa una alama ya lebo kubwa. Nimesema uhuru mara nyingi huacha alama, na alama hiyo ndiyo inayostahili orodha yake. Swali langu si nani alilipa studio, ni nani angeweza kuuzuia. Wimbo ule ulipitia meza ambayo ingeweza kusema hapana. Haikusema, na hiyo ni heri kwetu. Lakini uweke kwenye orodha ya nyimbo bora za milenia, za aina zote, nami nitaupigia kura hukohuko. "Maps" pia. Tena hapo itashindana na wa saizi yake.

Ndugu wa pili, Sub Pop inaingia. Asilimia 49 ni hisa nyingi, lakini 51 zilibaki kwao, na neno la mwisho linakaa kwenye 51. Siku zikigeuka, nyimbo zitakazotoka baada ya siku hiyo hazitaingia. Chance anaingia bila mjadala: Apple ilinunua wiki mbili za upekee, haikununua wimbo wala haki ya kuuamulia. Mteja mkubwa si mwenye mali.

Na Adele, ndiyo. Nasimama mbele ya watu na nasema mlango uko wazi kwake. "Rolling in the Deep" ilizaliwa kwenye lebo huru iliyomchukua akiwa hajulikani, kabla Columbia haijaiuza ng'ambo. Kupita mlangoni ni jambo moja, kupewa kiti ni kazi ya wapigakura. Mkiona unaizidi "Skinny Love", uzidishieni kura, sitalia. Heri hilo kuliko kumtoa kwa sababu tu wimbo wake ulipendwa na wengi, maana hapo tutakuwa tumefanya umaskini kuwa kigezo, na wasanii hawa hawakuchagua uhuru ili wabaki maskini. Arcade Fire walichukua Grammy ya Albamu ya Mwaka 2011 wakiwa na Merge, lebo iliyoanzishwa na wanamuziki wawili huko North Carolina. Hilo liliwatia nguvu wengi, halikuwaharibia chochote.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma yote. Hakuna aliyetaja kilichotoka baada ya 2021, wakati milenia haijaisha. "My Love Mine All Mine" ya Mitski, Dead Oceans, Septemba 2023. Haifiki dakika mbili na nusu. Hakuna kelele, hakuna pale pa kupanda. Kinanda, ngoma za taratibu, na mtu anayemwambia mwezi kwamba mapenzi yake ndiyo kitu pekee anachomiliki kweli. Vijana wakaubeba kwenye video fupi mpaka ukafika nafasi ya 26 kwenye Hot 100 ya Billboard, mara yake ya kwanza kuingia kwenye chati hiyo baada ya albamu saba.

Kwa kigezo cha mleta mada unaingia. Kwa kigezo cha sauti ya indie, wenye magitaa watasema ni wimbo wa baa ya zamani. Kwa hiyo niko upande wake, na kura yangu ya kwanza naiweka hapo. Nani anaongeza?